Tokeni ni sahihi, mita inakataa

Swali: Shikamoo fundi. Nimehamia nyumba ya kupanga hapa Kihonda, Morogoro. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu mwanzoni mwa 2024, na mita niliikuta inasoma sifuri. Nilinunua umeme wa 10,000 kwa simu, meseji ikaja na namba ndefu tatu. Nikaingiza ya mwisho tu, hizo nyingine nilidhani ni namba za risiti. Mita ikakataa. Kampuni ya simu wanasema hela imefika, niwaone watu wa umeme. Watu wa umeme wameangalia kwenye kompyuta wanasema tokeni ni sahihi, nijaribu tena mtandao ukitulia. Juzi nikanunua nyingine ya 5,000, safari hii ikaja namba moja, nayo imekataliwa. Leo siku ya tano tunatumia tochi ya simu, na simu yenyewe naichajia kwa jirani. Mwenye nyumba anasema nimpe kishoka, fundi wa mtaani asiye wa shirika, 40,000 atuunganishie moja kwa moja wakati tunasubiri. Hivi mita imekufa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mita haijafa. Na huyo kishoka mwambie asubiri, nitarudi kwake.

Fungua simu utafute ile meseji ya kwanza kabisa, ya elfu kumi. Zile namba tatu, kila moja ikiwa na tarakimu 20, hakuna hata moja ambayo ni ya risiti. Zote ni za kuingizwa kwenye mita, kwa mpangilio ule ule zilivyoandikwa. Ingiza ya kwanza, bonyeza kitufe cha kukubali, subiri kioo kijibu. Uniti hazitaongezeka, usishtuke. Ingiza ya pili hapo hapo, usiondoke kwenda kuteka maji kwanza. Bado uniti hazitaongezeka. Ingiza ya tatu, ile uliyoing'ang'ania siku zote hizi, na hapo ndipo umeme wa elfu kumi utakapoingia. Kisha chukua ile ya elfu tano uiingize nayo. Kukataliwa mara ngapi sijui hakujaiharibu.

Kama umeshaifuta meseji, usikate tamaa, nalo lina dawa yake huko chini. Ila kwanza nikueleze kilichotokea, kwa sababu hapo Kihonda hutakuwa peke yako. Kila nyumba iliyokaa muda mrefu bila mpangaji ina hatari ya kupata ugonjwa huu.

Watu wengi wanadhani mita ya LUKU, yaani ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, inazungumza na ofisi. Wanaiona kama simu iliyofungwa ukutani: ukinunua umeme, ofisi inaiambia, nayo inaongeza uniti. Zipo mita za kisasa zinazowasiliana hivyo, lakini hii yako ya vitufe, ambayo ndiyo iko kwenye nyumba nyingi, haiongei na mtu. Haina laini, haina intaneti, haijui jina lako wala kwamba umelipa. Kwa hiyo mtu akikwambia ujaribu tena "mtandao ukitulia", anasema jambo lenye maana kwa kompyuta yake, kwa sababu bila mtandao tokeni haitengenezwi. Lakini tokeni ikishafika kwenye simu yako, kazi ya mtandao imekwisha. Minara yote ya Morogoro inaweza kuzimika na mita yako ikaipokea tokeni vizuri kabisa.

Mita inajua mambo machache tu. Inajua namba yake, inajua ufunguo wake wa siri, na inakumbuka tokeni ilizokwisha kula. Hizo tarakimu 20 ni barua iliyofungwa kwa ufunguo huo. Ndani ya barua kuna kiasi cha uniti (uniti, si shilingi, maana mita haijui bei ya umeme), kuna dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na kuna alama ya ukaguzi ya kuhakikisha kwamba namba haikukosewa. Mita inajaribu kuifungua barua kwa ufunguo wake. Ikifunguka na ukaguzi ukapita, inaangalia ile dakika: hii nilishawahi kuila? Kama bado, inaongeza uniti. Isipofunguka, inakataa, basi. Haiwezi kukwambia "tarakimu ya saba umekosea" kwa sababu haijui. Kwake barua iliyokosewa tarakimu moja na barua ya mita ya jirani ni kitu kimoja: takataka.

(Ndiyo maana hao vijana wanaouza kwenye WhatsApp "programu ya kutengeneza tokeni" ni matapeli. Bila ufunguo wa mita yako wanakuuzia tarakimu za kubahatisha.)

Sasa, ile dakika niliyoitaja ndiyo iliyokuletea giza. Utaratibu huu wa tokeni za tarakimu 20 ulianzia Afrika Kusini, ukaja kuwa kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, na ndio unaotumika hapa kwetu, Kenya, na nchi nyingine nyingi. Waliouanzisha waliamua kuhesabu dakika kuanzia Januari 1, 1993, na wakaitengea hesabu hiyo nafasi finyu, kwa sababu tarakimu 20 ni chache na ndani yake lazima viingie vitu vingi. Nafasi hiyo inatosha dakika 16,777,215. Ni kama kile kihesabio cha kilomita kwenye gari la zamani, kikifika tisa zote kinarudi sifuri. Ukizihesabu dakika hizo kuanzia 1993 unaangukia Novemba 24, 2024.

Baada ya siku hiyo, mita ambayo haijaandaliwa ingeona kila tokeni mpya kama tokeni ya miaka ya tisini na kuikataa kwa uzee. Dawa iliyokubaliwa dunia nzima ni kuanza hesabu upya, na njia ya kuiambia mita kwamba hesabu imeanza upya ni kuibadilishia ufunguo na kuisahaulisha tokeni ilizokula zamani. Lakini mita haina mtandao, nimekwisha kusema. Ufunguo mpya utaufikishaje? Kwa mlango uleule mmoja ambao mita inao: vidole vya mteja. Na kwa kuwa ufunguo mzima hauenei kwenye tarakimu 20, ukakatwa vipande viwili. Namba yako ya kwanza ni nusu ya ufunguo. Ya pili ni nusu nyingine. Ya tatu ndiyo umeme, uliofungwa kwa ufunguo mpya.

Mwaka 2024 majirani zako walinunua umeme kama kawaida, siku moja wakapata namba tatu, wakalalamika kidogo, wakaingiza, wakasahau. Mita ya nyumba yako ilikuwa imefungwa ndani na giza lake. Haikupata ufunguo. Wewe uliponunua, mfumo ukaona mita hii bado haijapewa, ukakupa namba zote tatu. Uliingiza ya tatu peke yake: barua ya ufunguo mpya kwenye mita yenye ufunguo wa zamani. Ikakataa, na ilikuwa na haki ya kukataa. Uliponunua mara ya pili, mfumo ulikuwa umeshaandika kwamba mita hii ilikwisha kupewa ufunguo, ukakupa namba moja tu. Hapo ndipo mtego ulipofungika. Ungenunua mara kumi, ungepata tokeni kumi sahihi na mita ingezikataa zote kumi.

Unaona sasa kwamba hakuna aliyekudanganya? Kampuni ya simu walisema hela imefika, na ilifika. Wa dirishani alisema tokeni ni sahihi, na ni sahihi. Kinachoniudhi ni kwamba kila mmoja aliangalia kioo chake mwenyewe, na hakuna aliyekuuliza swali dogo tu: "Mita yenyewe inaandika nini? Na meseji ya kwanza ilikuja na namba ngapi?" Kompyuta ya ofisi inajua kwamba ulipewa ufunguo. Haina njia yoyote ya kujua kama uliuingiza. Hicho kipande kilichobaki, kati ya simu yako na ukuta wako, hakina mwenyewe. Hakimo kwenye mfumo wa mtu yeyote.

Nami si mtakatifu katika hili. Mama yangu aliwahi kunipigia simu usiku mita yake inakataa. Mimi, fundi wa miaka yote hii, nikamwambia "mama, jaribu tena taratibu". Akajaribu. Nikamwambia tena. Mara ya nne akakata simu. Kesho yake nikaenda mwenyewe, nikasimama mbele ya ile mita nikimwangalia anavyoingiza. Kitufe cha 8 kilikuwa kimechakaa mpaka alama imefutika. Ukikibonyeza kidogo hakiandiki, ukikikazia kinaandika mara mbili. Mama macho yake yalikuwa kwenye karatasi, hakuwa anatazama kioo. Tokeni ilikuwa sahihi tangu jana yake, na mimi nilikuwa namwambia arudie kosa lilelile taratibu zaidi.

Kwa hiyo unapoingiza, fanya hivi. Mtu mmoja asome, mwingine abonyeze, na anayebonyeza atazame kioo. Someni tarakimu nne nne, kisha simameni mlinganishe na kioo kabla ya kuendelea. Makundi ni matano, hayachoshi. Mkikosea, tumieni kitufe cha kufuta, msikubali tokeni mnayojua ina kosa, kwa sababu mita nyingine zikiona makosa mengi mfululizo zinajifunga kwa muda na kukataa hata iliyo sahihi. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani mna rimoti, angalia betri za rimoti kwanza. Rimoti nyingine huwasiliana na mita kupitia nyaya za umeme zenyewe, hivyo lazima ichomekwe kwenye soketi. Ukiishika mkononi kitandani utaingiza namba mpaka kesho. Kwa nyumba iliyofungwa miaka miwili nisingeshangaa betri zikiwa zimevuja kutu nyeupe.

Jambo jingine dogo. Muulize mwenye nyumba kama ana tokeni yoyote ya zamani, ya kabla ya nyumba kufungwa, aliyonunua akaisahau kwenye droo. Kama ipo na haijawahi kuingizwa, iingize kabla ya hizo namba mbili za ufunguo. Ukishabadilisha ufunguo, barua za ufunguo wa zamani hazifunguki tena milele. Uniti ambazo tayari zimo ndani ya mita haziguswi na mabadiliko haya. Zako ni sifuri, lakini nasema kwa ajili ya mwingine mwenye uniti themanini anayeogopa zitafutika. Hazifutiki.

Na ile hofu kwamba tokeni zinaharibika usipoziingiza kwa mpangilio wa kununuliwa, ipunguze. Mita inakumbuka angalau tokeni 50 za karibuni, na kukataa kwa uzee kunaanza pale tokeni inapokuwa ya zamani kuliko zote inazozikumbuka. Ya elfu kumi ikitangulia au ya elfu tano ikitangulia, kwako ni sawa tu, mradi ufunguo umeshaingia.

Haya, tuje kwa kishoka. Kuunganisha moja kwa moja ni wizi wa umeme kisheria, na atakayekutwa ndani ya nyumba ni wewe mpangaji. Mwenye nyumba atasema hajui. Lakini tuache sheria, tuzungumze ufundi. Mita nyingi zina swichi ndogo chini ya mfuniko wa nyaya. Kishoka akiufungua tu, mita inaandika kwamba imechezewa na inakata. Kutoka hapo hata ufunguo na tokeni zako zote ukiziingiza, haitarudi mpaka ofisi ikupe tokeni maalumu ya kufuta alama hiyo, na kabla ya kukupa watataka kuja kuona nani kaichezea. Leo una tatizo la kumalizika kwa dakika tano kwa vidole vyako. Ukimlipa 40,000 utakuwa umenunua tatizo la faini.

Sasa, kama ile meseji umeifuta. Usinunue umeme tena. Nenda ofisini, na usiseme "tokeni inakataa", kwa sababu ukisema hivyo ataangalia kompyuta na kukwambia ni sahihi, mtarudi palepale. Sema hivi: "Mita hii haikuwekewa namba za kubadilisha ufunguo za 2024. Nilipewa nikazipoteza. Naomba zitolewe upya." Hiyo ni kauli ambayo mfumo wake una kitufe cha kuijibu. Uzuri wa hizo namba mbili ni kwamba hazibebi dakika ndani yake, hivyo hazizeeki. Ile tarehe ya Novemba 2024 kupita haijafunga mlango. Unaweza pia kuanza na kampuni ya simu uwaombe wakutumie tena ujumbe wa muamala ule wa kwanza, wakitaja namba zote tatu. Waambie tarehe na kiasi.

Uende na picha mbili ulizopiga kwa simu. Moja ni ya uso wa mita, namba yake ionekane vizuri. Usitegemee namba iliyoandikwa kwa kalamu mlangoni au karatasi aliyokupa mwenye nyumba; nimeona wapangaji wakilipia mita ya nyumba ya uani miezi kadhaa. Na unaponunua kwa simu, jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome: liwe la mwenye nyumba au mtu anayemjua. Picha ya pili ni ya kioo mara tu kinapokataa. Mita hazitumii maneno yale yale, lakini nyingi zinatofautisha kati ya tokeni isiyofunguka, tokeni iliyokwisha kutumika, na tokeni ya zamani. Kwa fundi hayo ni magonjwa matatu tofauti. Kwenye kaunta yote yanaitwa "inakataa".

Kama namba za ufunguo zenyewe zikikataliwa baada ya kuziingiza kwa makini mara mbili, hapo suala limetoka mikononi mwako. Huenda namba ya mita kwenye mfumo si ya mita iliyo ukutani, au mita ni ya kizazi cha zamani mno, au kweli imeharibika. Hilo halimaliziki dirishani. Anatakiwa fundi wa shirika aje nyumbani. Usiondoke ofisini bila namba ya taarifa yako kwenye karatasi, kwa sababu ukirudi bila namba hiyo utaanza hadithi upya na mtu mwingine, naye atakwambia ujaribu tena.

Umeniuliza kuhusu mita tu, lakini najua swali litakalofuata, kwa hiyo acha nilijibu kabisa. Umeme ukiwaka utaona uniti ni chache kuliko ulivyotarajia kwa 15,000. Kwenye risiti kuna VAT, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Na tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Hifadhi kila meseji inayoonyesha makato hayo, umwonyeshe mwenye nyumba mkikaa kuhesabiana pango. Akikuuliza umejuaje, mwambie kwa ile 40,000 usiyompa kishoka umepata muda wa kusoma risiti.

Jioni hii, kabla giza halijaingia, mwite mtoto mwenye macho mazuri akusomee. Namba ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha ile ya elfu tano. Na ikigoma ukaniandikia tena, usiniandikie kwamba imekataa. Niandikie neno lenyewe lililotokea kwenye kioo, herufi kwa herufi, na uniambie lilitokea kwenye namba ya ngapi.